Intaneti imefika kileleni Kilimanjaro. Habari za kijijini je?

Agosti 2022 Serikali ilizindua intaneti ya kasi katika Mlima Kilimanjaro. Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, lilianza kwa kuifikisha huduma hiyo Horombo, mita 3,720 kutoka usawa wa bahari. Kabla ya mwaka huo kwisha ikafika Kilele cha Uhuru, mita 5,895. Tangu hapo mgeni aliyepanda mlima anaweza kuwaonyesha ndugu zake walioko Ulaya theluji akiwa bado amesimama juu yake.

Chini ya mlima, mkulima wa Kibosho, Marangu au Rombo naye ana simu mfukoni. Anapokea na kutuma pesa kwa simu hiyo, anapigiwa na watoto walioko Dar es Salaam, na jioni anasikilizia redio humo humo. Lakini akitaka kujua kahawa imeuzwaje mnadani wiki hii, au kama mvua iliyopiga milimani itashuka na maji mengi, au kama ujumbe unaozunguka kwenye kundi la ukoo ni wa kweli, mara nyingi hana pa kuuliza zaidi ya kwa jirani.

Miaka ya karibuni vyombo vya habari vya mikoani vimehimizwa sana "kwenda kidijitali". Semina zinafanyika, miradi inatangazwa, vituo vinafungua kurasa za Facebook na chaneli za YouTube. Katika makala haya tunaeleza jambo hilo lina maana gani kwa msikilizaji wa kijijini, lina gharama gani, na lina hatari gani.

Hoja yetu ni hii: chumba cha habari hakijabadilika mpaka pale swali la msikilizaji linapoingia, likahakikiwa na mtu anayewajibika, na jibu likamrudia aliyeuliza. Vifaa vinakuja baada ya hapo.

Tunaposema "kidijitali" tunasema nini?

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni kutangaza kwa njia mpya. Habari iliyosomwa saa moja jioni inawekwa pia mtandaoni, pamoja na picha. Hili ni jema. Mtu aliyekosa taarifa ya habari kwa sababu alikuwa anakata majani ya ng'ombe anaweza kuisoma baadaye. Mtoto wa Moshi anayefanya kazi Mwanza anaweza kufuatilia ya nyumbani.

La pili ni kukusanya habari kwa njia mpya. Hapo msikilizaji haishii kusikiliza, naye anakuwa chanzo. Anatuma ujumbe kwamba daraja limekatika, dawa za mifugo dukani zimepanda bei, shule ina walimu wawili tu. Chumba cha habari kinapokea, kinapanga, kinauliza upande wa pili, kisha kinarudi na majibu.

Vituo vingi vidogo vimefanya la kwanza na kuishia hapo. Ukifungua kurasa zao utakuta habari za Dodoma na Dar es Salaam ambazo umekwishazisoma kwingine, matokeo ya mpira wa Uingereza, na salamu za rambirambi. Habari ya kata yako haipo. Kituo kipo mtandaoni, lakini kijiji hakipo.

Njia ya kurudi si jambo geni hapa

Wazee wa Kilimanjaro wanaweza kutukumbusha kwamba habari za kwenda na kurudi zilikuwepo kabla ya simu.

Wakulima wa kahawa walipoungana mwaka 1925 katika chama chao cha kwanza, KNPA, na kisha mwaka 1933 ukaanzishwa ushirika wa KNCU, waliona haraka kwamba ushirika bila habari hauendi. Katika miaka ya 1930 ushirika ulikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Uremi. Kuanzia 1953 hadi 1961 kulikuwa na gazeti jingine la Kiswahili hapa Uchaggani, Komkya, jina ambalo kwa Kichagga ni sawa na kusema kumekucha. Kurasa zake hazikuwa za tangazo za viongozi peke yake. Wasomaji waliandika barua, wakauliza, wakabishana.

Redio nayo ina historia yake. Katika miaka ya 1960 studio ya Sauti ya Injili mjini Moshi ilikuwa inarekodi vipindi vya Kiswahili na kuvipeleka Addis Ababa, Ethiopia, ambako kituo cha Kilutheri kilichoanza matangazo mwaka 1963 kilivirusha kwa masafa mafupi. Sauti iliyorekodiwa Moshi ilisafiri hadi Ethiopia ndipo ikarudi kusikika hapa nyumbani. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitwaa kituo hicho.

Leo ujumbe wa sauti kutoka Mwika unafika Moshi mjini kwa sekunde chache. Safari imefupika kuliko wakati wowote. Kilichobaki ni kujua nani anaupokea ujumbe huo, na anaufanyia nini.

Mfano wa kwanza: bei ya kahawa

Tuanze na zao linalojulikana kwa kila mtu. Makao makuu ya Bodi ya Kahawa Tanzania yako Moshi, na mnada wa kahawa umekuwa ukifanyika mjini hapa kwa miongo mingi. Kwa mtu wa mjini, habari ni kwamba mnada umefanyika na bei ya juu ilikuwa kiasi fulani. Kwa mkulima habari hiyo bado haijamfikia.

Sababu ni hii. Kwa muda mrefu bei za mnada zimekuwa zikitajwa kwa dola za Marekani kwa gunia la kilo 50 la kahawa safi, yaani iliyokwisha kukobolewa. Mkulima anapeleka kwenye chama chake cha msingi kahawa kavu ambayo bado iko kwenye ganda lake la ndani, nayo inapimwa kwa kilo, na analipwa kwa shilingi. Kati ya namba hizo mbili kuna hesabu ndefu.

Tuchukue mfano wa kuelewesha tu. Tuseme gunia limeuzwa dola 300. Hiyo ni dola 6 kwa kilo ya kahawa safi. Kahawa kavu yenye ganda ikikobolewa, kilo 100 hutoa takriban kilo 80 za kahawa safi. Kwa hiyo ile dola 6 ni kama dola 4 na senti 80 kwa kilo uliyopeleka wewe. Kutoka hapo ondoa kukoboa, usafiri, magunia, ushuru na makato ya chama. Kinachobaki, kikibadilishwa kuwa shilingi, ndicho cha kulinganisha na malipo yako ya awali na ya pili.

Chumba cha habari kinachoijua hesabu hii kinaweza kuifanya kila baada ya mnada na kuituma kwa ujumbe mfupi wa mistari minne. Haihitaji kamera wala studio mpya. Inahitaji mwandishi mmoja aliyejifunza biashara ya kahawa, jedwali kwenye kompyuta, na utaratibu wa kupokea maswali ya wakulima wanaoona makato yao hayalingani na ya jirani.

Tunasema hivi kwa sababu soko limeyumba sana. Mapema 2025 bei ya arabika katika soko la New York ilivuka dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana. Bei ya dunia inaporuka namna hiyo, wachuuzi wa kununua kahawa ikiwa bado mtini hupata nafasi nzuri kwa mkulima asiye na habari. Anayejua bei ya mnada wa juzi anajadiliana. Asiyejua anakubali.

Mfano wa pili: mvua ya juu, mafuriko ya chini

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa kila siku, wa siku tano, na wa msimu wa vuli na masika. Hutoa pia angalizo na tahadhari kwa rangi: njano, chungwa na nyekundu. Kilimanjaro huwekwa pamoja na Arusha na Manyara katika Nyanda za Juu Kaskazini Mashariki.

Mtu wa mlimani anajua kwamba eneo hilo ni kubwa mno kwa shughuli zake. Inaweza kunyesha usiku kucha upande wa juu na Moshi mjini kukawa kukavu. Mto Rau unateremka kutoka upande wa Uru, unapita mjini, unaelekea kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini na kuendelea hadi Kahe. Maji yanayomkuta mtu wa chini alfajiri, wa juu aliyaona yakinyesha jioni.

Hapo ndipo redio ya mahali na simu vinapofaa kuliko chombo chochote cha kitaifa. Kituo kikiwa na watu wachache wanaoaminika katika kila kata iliyo kando ya mto, kila mmoja na namba yake iliyoandikwa, jioni moja ya mvua kubwa mtangazaji anaweza kuuliza kuanzia juu hadi chini, akalinganisha na tahadhari ya TMA, akawasiliana na ofisi ya wilaya, kisha akatangaza. Mtu wa Mabogini anapata saa kadhaa za kuhamisha mbuzi, kuamsha watoto na kuondoa mbolea sakafuni.

Masika ya 2024 yalionyesha thamani ya saa hizo. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua zilizochangiwa na El Niño zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Redio haiwezi kuzuia mvua. Inaweza kufupisha muda kati ya aliyeona na anayehitaji kujua.

Mfano wa tatu: uvumi

Simu hiyo hiyo inayoleta habari huleta pia uongo. Dawa ya ajabu, mtoto aliyeibwa, mkopo wa serikali unaoombwa kwa kutuma namba ya siri, picha ya moto wa nchi nyingine inayodaiwa kuwa ya Kilimanjaro. Moto wa kweli mlimani tumeuona Oktoba 2020 na tena Oktoba 2022, na kila mara maswali ya watu hukimbia kuliko majibu.

Majirani zetu wa Kenya wana funzo zuri. Katika Delta ya Mto Tana, mapigano ya 2012 na mwanzoni mwa 2013 kati ya Wapokomo na Waorma yaliua watu zaidi ya 100, na uvumi ulikuwa sehemu ya kuni za moto ule. Baadaye ukaanzishwa mradi uitwao Una Hakika. Mwananchi anayesikia uvumi anautuma kwa ujumbe mfupi, hata kwa kitochi. Wahusika wanaupima uzito wake, wanawauliza mabalozi wa kujitolea walioko kwenye vijiji vinavyotajwa, viongozi na vyombo vya usalama, kisha wanawarudishia watu wa eneo hilo jibu: ni kweli, si kweli, au bado tunachunguza.

Utaona kwamba teknolojia yenyewe ni ndogo. Nguvu ya mradi ule ni mtu wa kijijini anayejulikana na kuaminiwa, na ahadi kwamba aliyeuliza atajibiwa. Hapa Tanzania tayari wapo wanaohakiki habari kitaifa, kama Nukta Fakti na JamiiCheck. Lakini uvumi kuhusu mfereji wa kijiji fulani au fedha za shule fulani hauwezi kuhakikiwa kutoka Dar es Salaam. Unahitaji mtu anayeweza kupanda bodaboda akaenda kuona.

Wanaosema tuanze na mitandao wana hoja gani?

Wapo wenye vituo na wahariri wanaoona tofauti nasi. Wanasema vijana hawasikilizi tena redio ya mezani, wako kwenye simu, na matangazo ya biashara yanawafuata huko. Kituo kisichoonekana mtandaoni kitakosa pesa, na kituo kisicho na pesa hakina mwandishi wa kupanda bodaboda yoyote.

Hoja hiyo si ya kupuuza. Mishahara katika vituo vya mikoani ni midogo, na waandishi wengi hawana ajira ya kudumu; wanalipwa kwa habari moja moja, kama wanalipwa. Wapo wanaofika kwenye tukio kwa nauli ya mwenye tukio. Mwandishi wa namna hiyo ukimwongezea kazi ya kupiga picha, kuhariri video, kuandika ya mtandaoni na kujibu jumbe, bila kumwongezea kitu, hujafanya mabadiliko. Umemgawia mtu mmoja kazi za watu wanne.

Lakini tunaona hoja hiyo inajijibu yenyewe. Mtangazaji wa biashara wa Moshi, awe duka la pembejeo, SACCOS au zahanati binafsi, hanunui macho ya watu wa Dar es Salaam. Anataka watu wa Hai, Siha, Moshi Vijijini, Rombo, Mwanga na Same. Watu hao watakufuata ukiwapa ambacho hawakipati kwingine. Video ya kuchekesha wanaipata popote. Bei ya mnada iliyopigiwa hesabu, na jibu la swali lao kuhusu maji, wanaweza kuvipata kwako tu.

Kwa hiyo kama bajeti ni ndogo, na kwa kawaida ni ndogo, tungependa shilingi ya kwanza iende kwa mtu wa kupokea na kuhakiki. Kamera inaweza kusubiri msimu ujao.

Asiye na simu janja asiachwe

Sehemu kubwa ya mazungumzo ya kidijitali humfikiria mtu mwenye simu janja na bando la wiki. Vijijini hali ni nyingine. Simu janja mara nyingi ni ya baba au kijana. Mama ana kitochi. Bando likiisha linasubiri mauzo ya ndizi. Mlimani nako kuna mabonde ambayo mawimbi ya FM na ya simu hayafiki vizuri, na huko Rombo mpakani simu inaweza kushika mtandao wa Kenya.

Njia rahisi zipo. Shirika la Farm Radio International, ambalo limefanya kazi na vituo vya Tanzania, limetumia kitu ambacho kila Mtanzania anakijua: kubip. Mtangazaji anauliza swali hewani, mwenye jibu la "ndiyo" anabip namba hii, mwenye "hapana" anabip namba ile. Mtambo unahesabu na msikilizaji halipi hata senti moja. Ukiuliza kama mbolea imefika kijijini, baada ya nusu saa una picha ya hali ilivyo kata kwa kata, ingawa bado unapaswa kupiga simu kuthibitisha.

Lugha pia ni sehemu ya jambo hili. Programu za akili bandia zinazogeuza sauti kuwa maandishi zinaendelea kuboreka kwa Kiswahili, na zinaweza kumwokolea mwandishi saa nyingi za kusikiliza jumbe za sauti moja moja. Lakini bibi wa Vunjo anaongea Kiswahili kilichochanganyika na Kichagga, na cha Machame si sawa na cha Rombo. Mashine itaandika isichokielewa kana kwamba imekielewa. Mtu anayejua lugha lazima asikilize kabla neno halijawekwa kinywani mwa bibi huyo mbele ya maelfu.

Sheria na usalama wako

Msikilizaji, kabla hujatuma ujumbe kwa kituo chochote, kuna mambo ya kisheria yanayokuhusu.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kusambaza taarifa za uongo kwa kukusudia kupotosha kuwa kosa. Ukiwa huna hakika, liulize kama swali, na sema umelisikia wapi. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka anayefanya kazi ya uandishi wa habari awe na ithibati. Wewe unayeeleza ulichokiona shambani ni shahidi, na jukumu la kuhakiki na kuchapisha linabaki kwa kituo. Kituo makini hakiwezi kukusukumia mzigo huo.

Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Namba yako, jina lako, sauti yako na mahali unapoishi ni taarifa zako binafsi. Kituo kinapozihifadhi kinapaswa kukueleza kwa nini, na hakina ruhusa ya kumpa muuza mbegu au mgombea orodha ya namba za wasikilizaji bila ridhaa yao. Hili ni zito zaidi pale unapotoa habari ya mtu mwenye mamlaka. Mwenyekiti wa kijiji akijua ni nani aliyesema fedha za zahanati hazionekani, maisha ya mtu huyo yanaweza kuwa magumu. Daftari la namba za wasikilizaji lilindwe kama daftari la fedha.

Vituo vyenyewe vina mzigo wao. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilipotoka 2018 ziliwataka watoa habari wa mtandaoni kuwa na leseni kwa gharama iliyozidi shilingi milioni 2, kiasi kikubwa kwa kituo cha wilaya. Zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Na Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilisitisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi kwa sababu ya video moja ya katuni. Ikiwa kampuni kubwa hivyo inaweza kufungiwa, kituo kidogo kitafikiri mara mbili kabla ya kupokea ujumbe wa msikilizaji anayelalamika. Woga huo ni gharama pia, ingawa hauandikwi kwenye bajeti.

Usiweke mayai yote kwenye kapu moja

Miaka hii imetufundisha kwamba njia yoyote ya habari inaweza kuzimika ghafla. Machi 2025 Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika ilinyamaza baada ya serikali ya Marekani kuvunja shughuli za shirika hilo, na vituo vya Afrika Mashariki vilivyozoea kujiunga nayo vikabaki na pengo. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa Tanzania. Na 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Wengi waliokuwa wamezoea kupata kila kitu kwenye WhatsApp walijikuta hawana pa kuangalia.

Tunachojifunza ni kwamba mawimbi ya FM yasiachwe, wala yasigeuzwe kuwa nyongeza ya ukurasa wa Facebook. Kituo kinachohifadhi wasikilizaji wake wote ndani ya kundi la kampuni ya ng'ambo hakina wasikilizaji, kimewaazima. Namba ziandikwe pia kwenye daftari la kituo. Habari zitunzwe kwenye kompyuta ya kituo. Mtu wa kata awe na utaratibu wa kupiga simu ya kawaida pale mtandao unapozima.

Vituo vifanye nini kwanza?

Kutokana na haya yote, tunaona hatua tano ambazo hata kituo kidogo kinaweza kuzianza bila kusubiri mfadhili.

1. Kutenga namba moja ya wasikilizaji, na kumtaja kwa jina mtu anayewajibika kuisoma kila siku.
2. Kuandika kila ujumbe kwenye jedwali: umeingia lini, unatoka kata gani, unahusu nini, umehakikiwa na nani, umejibiwa lini.
3. Kuchagua mambo mawili tu ya kuanzia, kwa mfano kahawa na mvua, na kumfundisha mwandishi mmoja kila jambo hadi alijue.
4. Kuwa na mtu mmoja anayeaminika katika kila kata, mwanamke na mwanamume kwa uwiano, na kuwalipia vocha. Kujitolea kuna mwisho.
5. Kila wiki kutangaza hewani maswali yaliyoingia, yaliyojibiwa, na ambayo wakubwa wamekataa kuyajibu.

Hatua ya tano ndiyo yenye uzito kuliko zote. Ofisi iliyoulizwa mara tatu kuhusu bomba la maji na haikujibu, ikisikia jambo hilo likitajwa hewani kwa utulivu kila Ijumaa, hutafuta jibu.

Vituo havihitaji kutembea peke yake. Mtandao wa redio za jamii, TADIO, tayari unaviwezesha vituo vya wilayani kuweka habari zao pamoja mtandaoni, na kwa mkoa wetu Boma Hai FM ni kimojawapo. Jirani zetu wa Simanjiro, ORS FM, kwa miaka mingi wamewatangazia wafugaji kwa Kimaasai na Kiswahili. Vituo vya ukanda mmoja vinaweza kugawana mwandishi wa kahawa au mhakiki wa uvumi.

Na wewe msikilizaji?

Ukituma habari, sema nini kimetokea, wapi hasa, lini, na kama umekiona mwenyewe au umesimuliwa. Picha iwe ya siku hiyo. Kama hutaki jina lako litajwe, sema mapema. Usipojibiwa kwa wiki moja, uliza tena, na uulize ni nani anayehusika na namba ile.

Kituo cha redio kikikuomba umfuate mtandaoni, una haki ya kuuliza kitu kimoja kabla hujabonyeza: mara ya mwisho kilipokea swali kutoka kata yako lini, na kilijibu nini?